Kumtunza Aikaeli

Walthamstow, London
8 Februari 1998

Dada yangu mpendwa Gaudensia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na lile goti lako limepunguza hasira. Sisi hatujambo, ila baridi ndiyo inayotutawala. Baba Aika bado anaendesha basi, bado halalamiki, na bado anasinzia akikaa popote pasipokuwa na usukani. Mimi niko pale pale kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja hali mpaka anione mimi. Wenzangu wanaumia, nimewaacha waumie.

Sasa shika kiti, dada. Mwanao Aikaeli ameajiriwa na kampuni ya maigizo. Usije ukafikiri ni vile vikundi vya kuimba kwenye mikutano ya ukimwi. Hii ni kampuni yenye jengo lake, linaitwa Tallow Yard, lina mapazia mekundu mpaka dari, na humo humo ndani wanauza aiskrimu. Hapo ukumbini nimekanyaga zulia ambalo kule kwetu mtu angelitandika kitandani.

Utaratibu wao sio wa sinema. Waigizaji ni wale wale mwaka mzima, lakini michezo ni minne na inapokezana. Leo wanacheza huu, kesho ule, keshokutwa wanarudia wa kwanza. Kwa hiyo mwanao ana kazi nne ndani ya kazi moja. Katika mmoja ni mtumishi wa ndani, katika mwingine ni askari magereza, katika wa tatu ni jirani anayechungulia. Nimeshamwona kwenye ule wa utumishi. Anaingia na sinia, anasema chakula tayari, anatoka. Usidharau. Asingesema hivyo, wale matajiri wangekaa na njaa mpaka mwisho, na mchezo wote ni mambo waliyogombania mezani. Nilimgeukia mzungu niliyekaa naye nikamwambia yule mwenye sinia ni mwanangu. Akaweka kidole mdomoni. Watu wa huku hawajui kupongeza.

Lakini mambo yenyewe ni mwezi wa tano. Ndipo wanafungua mchezo wa nne, na humo Aika ana maneno yake mwenyewe, ukurasa mzima, wengine wote kimya. Anakuwa binti wa kufua nguo. Wafuaji wamegoma, yeye amekamatwa, anasimamishwa mbele ya hakimu ataje walioanzisha mgomo. Dairekta wao, Yogesh, ndiye aliyempa. Huyu ni kijana wa Tooting, wazazi wake wahindi wa Tanga, mama yake anaongea Kiswahili kutuzidi. Aika amesema ukurasa huo ndio utakaoamua. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja, na mwezi wa kumi na moja wakubwa wa kampuni wanachagua nani abaki na nani aende. Anaongea habari hiyo huku anang'ata kucha. Mimi sina wasiwasi hata kidogo, ila nimeacha kulala.

Naomba unitafutie doti ya khanga nyekundu, ile inayoonekana kutoka mbali, na yale mashada ya karatasi za kumetameta tunayowavisha watoto kwenye mahafali. Usiniulize ya nini.

Wasalimie wote, hasa wale waliosema sitafika popote.

Mdogo wako,
Anastasia, mama wa mwigizaji


Kibosho
15 Machi 1998

Mdogo wangu Anastasia,

Marahaba. Goti limepona, sasa ni bega. Shemeji yako anakusalimu na mdomo umejaa, naandika hii tunakula. Ng'ombe mweupe amezaa jike. Godbless wangu amepandishwa cheo kwenye kampuni ya kahawa na amepewa kiti kinachozunguka. Sijui mtu mzima azunguke kwa nini, lakini ndivyo vyeo vya siku hizi.

Nimefurahi kwa habari za Aikaeli. Nina swali moja, na usinune. Ulipoondoka hapa ulituambia unampeleka mtoto Ulaya ili asije akawa mtumishi kwenye nyumba ya mtu. Amesoma miaka yote hiyo, kumbe anaandaliwa kubeba sinia mbele ya watu waliolipa kiingilio. Shemeji yako anasema ni tofauti. Nimemwomba aieleze hiyo tofauti tangu Jumanne, bado anatafuna.

Barua yako niliwasomea wanakwaya. Waliuliza kile chakula cha kwenye sinia ni chakula gani. Nikasema kuku. Kama si kuku, usiniandikie.

Khanga na mashada nimempa Faustine, binamu yetu wa Barking, aliyekuja kuzika. Anarudi baada ya Pasaka. Sijakuuliza ya nini kwa sababu najua. Wewe ni yule yule uliyempandia mtoto wa watu juu ya ngazi za altare siku ya komunyo, ukamfunga khanga padri akiwa bado anaomba. Hapa mtoto akiimba vizuri mama yake huinuka akamtunza pale pale, akampigia vigelegele, akamvika shada, na mama asiyeinuka tunamwona mchawi. Huko sijui. Uliza wenyeji kwanza, Anastasia. Uliza, kisha usubiri wamalize kujibu.

Dada yako,
Gaudensia


Walthamstow
31 Mei 1998

Dada Gaudensia,

Shikamoo. Pole na bega. Asante sana kwa khanga, nyekundu yake inaita watu. Hongera kwa ndama na kwa kiti cha Godbless.

Mchezo ulifunguliwa, ukaenda vizuri. Nasema ulikwenda vizuri ili usinilazimishe kusema mara mbili. Ukumbi ulijaa. Nilivaa gauni langu la zambarau, na wanawake wawili waliniuliza nimelinunua wapi. Nikawaambia sokoni hapa Walthamstow, wakacheka, wakafikiri natania. Baba Aika alilala kabla taa hazijazimwa.

Aika alipotoka alikuwa amevaa matambara na uso umepakwa masizi, lakini dada, sauti ile ni ya marehemu mama yetu. Alianza maneno yake, akaendelea, akawa anayasema vizuri sana. Hapo nikamtunza kidogo, kisha nikarudi kwenye kiti changu. Watu walipiga makofi. Wale vijana wa kuonyesha viti walinisindikiza kwa heshima, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu.

Aika hajaja kula Jumapili hii, wala iliyopita. Kazi ni nyingi. Nilipika ndizi nyama, Baba Aika akala fungu lake na la mtoto bila kuulizwa.

Hapa kuna mvua tu. Sina jipya lingine.

Anastasia


Kibosho
28 Juni 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Bega linaendelea. Mahindi yanakauka vizuri.

Kidogo, umeandika. Ulimtunza kidogo. Faustine alikuwa ukumbini siku hiyo, safu mbili nyuma yako, ulimpa tiketi mwenyewe ukasahau. Amempigia mama yake simu, na mama yake hana siri tangu abatizwe. Kwa hiyo hapa tunajua yafuatayo, na kama kuna uongo unirekebishe.

Mtoto amesimama mbele ya hakimu. Watu wamenyamaza mpaka wanasikia tumbo la jirani. Anaanza kueleza habari za kufua. Anasema, mama yangu ndiye aliyenifundisha kazi hii. Basi hapo wewe ukainuka, ukapitia magoti ya wazungu safu nzima ukipiga vigelegele, ukapanda ngazi za jukwaa, ukamfunga mtuhumiwa khanga mbele ya hakimu, ukamvika mashada, ukambandika noti kwenye paji la uso lenye masizi, kisha ukamzunguka ukicheza. Faustine anasema hakimu alisimama akavua wigi. Anasema askari mmoja wa kuigiza alikuja kukushika, ukamtunza na yeye.

Mimi nimecheka mpaka bega likarudi. Wanakwaya wanasema ulifanya haki, mtoto kasema mama yangu mbele ya umati, mama gani angekaa. Lakini nilipomaliza kucheka nikauliza kitu ambacho Faustine hakukisema, nacho na wewe hukukisema. Je, Aikaeli alimaliza maneno yake? Maana ulisema ni ukurasa mzima.

Na je, amefukuzwa? Niandikie ukweli. Ukiuficha nitausikia kanisani, na huko unakuja umeongezwa chumvi.

Gaudensia


Walthamstow
2 Agosti 1998

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Ngoja nikuambie kazi ipi.

Ni kweli, nilipanda. Faustine kaongeza habari ya wigi, lilidondoka lenyewe. Kisha mwezi wa sita Yogesh akaniita ofisini. Nilivaa kitenge cha Jumapili nikabeba pasipoti, maana nilijua naweza kupelekwa moja kwa moja uwanja wa ndege. Nafika, nakuta wameniwekea chai. Yogesh ananisomea gazeti la mtaa. Mwandishi wao kasema katika miaka yake yote ya kutazama michezo hajaona jambo la kijasiri kama yule mama aliyetoka kwa watazamaji. Kasema nimevunja ukuta ulio kati ya jukwaa na watazamaji. Nikamwambia Yogesh, hapo kasema uongo, sikugusa ukuta. Akacheka, akasema mama, nakuomba uje ufanye hivyo hivyo kila tunapoucheza mchezo huu.

Kwa hiyo dada, na mimi niko kwenye kampuni. Jina langu limechapwa kwenye karatasi wanayowapa watu mlangoni. Chini ya hakimu, juu ya askari.

Usifikiri ni kazi rahisi. Kuna mwanamke kazi yake ni kufundisha watu kutembea. Alinitazama nikitembea, akasema natembea vizuri sana, kisha akanifundisha wiki nzima kutembea kama ninavyotembea. Yogesh anataka nishtukie, nisipange, moyo unisukume wenyewe, ila unisukume kwenye neno lile lile, mguu wa kulia ukitangulia. Khanga yako wameikataa. Mama wa mavazi alisema ni mpya mno, haionekani ya Kiafrika. Wakaichovya kwenye majani ya chai, wakaisugua kwa mawe, wakaichana pembe. Nililia kidogo. Siku hizi napanda jukwaani kama mtu aliyeokoka ajali.

Na noti pia wamezikataa, wamenipa za kuigiza.

Lakini makofi, dada. Taa moja wameifunga juu ya kiti changu. Neno likifika, inaniwakia mimi peke yangu. Nikishamtunza Aika namzunguka mara mbili, taa zote zinazimwa, mchezo umekwisha. Watu wanainuka. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia nimemkumbusha safari yake ya Kenya. Mwanafunzi wa chuo alikuja kuniuliza maswali kwa ajili ya mtihani wake. Aliuliza vigelegele vyangu vinapinga nini. Nikamwambia havipingi kitu, ni vya furaha. Akaandika mambo mengi kuliko niliyosema.

Yogesh alimleta mama yake kutoka Tooting. Yule bibi aliniambia kwa Kiswahili, mwanangu ana wazimu, lakini wewe una miguu mizuri.

Aika hajambo. Hasemi sana. Amehamia kwa rafiki yake huko huko Tooting kwa sababu ya usafiri, ingawa ukumbi uko hapa Walthamstow na sisi tuko hapa Walthamstow. Vijana wana hesabu zao.

Nasubiri barua yako. Isome hii kwa kwaya, polepole.

Anastasia,
wa kampuni ya Tallow Yard


Kibosho
6 Septemba 1998

Mama Aika,

Marahaba. Watu wote wazima. Nimeisoma barua yako kwa kwaya, polepole kama ulivyotaka. Walishangilia habari ya jina juu ya askari. Waliguna kwenye habari ya khanga. Mwenye duka la vitambaa aliyeniuzia ile amekasirika, anasema wakitaka kuukuu angewapa tambara la jikoni kwake bure.

Sasa achana na kwaya, hapa tuko mimi na wewe.

Aikaeli amenipigia simu. Alipiga simu ya duka la dawa, wakamtuma mtu kuniita, nikakimbia na goti hili lililopona juzi tu nikijua kuna msiba. Nimemwambia mama mkubwa yuko hapa, nani amekufa. Akasema hakuna aliyekufa. Kisha akalia. Analia kama ulivyokuwa ukilia wewe, kwanza anakasirikia pua.

Nilimuuliza kama anaona haya kwa sababu ulipanda siku ile ya kwanza. Akasema hapana. Alisema siku ile, ulipomfunga khanga, alitaka ardhi immeze, lakini baadaye alifika nyumbani kwa rafiki yake akainusa ile khanga mpya akacheka mpaka akalala. Siku ile haikumwumiza. Zilizofuata ndizo.

Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mama mkubwa, maneno yangu yanaanza pale mama anaponikatiza. Yote ya mwanzo ni ya kufua nguo tu. Hakimu ananiuliza majina, halafu mama anakuja, halafu giza. Simjibu. Kila tukicheza simjibu."

Ameongea na Yogesh. Yogesh amemwambia jibu halina haja tena, kwamba mama ndiye jibu. Mimi sikusoma sana, lakini najua mtu akiulizwa swali na mama yake akaja kucheza, bado hajajibu.

Na wakubwa wa kampuni watakaochagua mwezi wa kumi na moja wameshauona mchezo huo mara kadhaa. Wanamjua kama binti anayefungwa khanga. Aliniambia mmoja alikutana naye kwenye ngazi akamwambia, mama yako ni hazina. Jina la Aikaeli mwenyewe hakulikumbuka.

Nilimuuliza kwa nini hakuambii. Akasema wewe una furaha, na hajawahi kukuona na furaha namna hiyo tangu mfike huko, hawezi kuiondoa kwa mkono wake. Basi naiondoa mimi, mkono wangu umezoea.

Nina swali moja, Anastasia. Yule binti wa kufua nguo alimjibu nini hakimu? Mimi niko Kibosho, sijui. Wewe uko safu ya mbele.

Gaudensia


Walthamstow
20 Septemba 1998

Dada,

Shikamoo.

Nimepata barua yako. Nimeisoma mara moja, inatosha.

Hakimu mwenyewe ni wa kuigiza, jioni anapanda treni kwenda kwake. Ana njaa ya majibu ya nini.

Aliyembeba Aika mgongoni ni mimi. Aliyesafisha vyoo vya ofisi za watu kabla ya kwenda nyumba ya wazee ili mtoto alipiwe masomo ya kuigiza, wakati watu wote mnaniambia asomee uuguzi, ni mimi. Siku watu wa huku wameamua kunipigia makofi, ndipo nyumbani mnakumbuka kuuliza maswali.

Baba Aika anakusalimu.

Anastasia


Kibosho
18 Oktoba 1998

Mdogo wangu Anastasia,

Marahaba, hata kama ilikuwa fupi.

Mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita. Yule ndama amekua, anapiga teke ndoo. Godbless ameanguka kwenye kile kiti kinachozunguka akateguka kiuno, sasa amepewa kiti cha kawaida na anasema ni kwa ushauri wa daktari, cheo hakijaguswa. Shemeji yako amenunua redio anayoisikiliza peke yake kwa kuiweka sikioni, wakati ina sauti ya kutosha kijiji kizima.

Mwanakwaya wetu mmoja ameposwa.

Sikuulizi kitu. Nimekuandikia tu habari za nyumbani ili ujue tupo, na ili usifikiri nimenuna. Aliyenuna ni wewe, na una haki yako.

Dada yako anayekupenda,
Gaudensia


Walthamstow
22 Novemba 1998

Dada yangu Gaudensia,

Shikamoo, na safari hii naisema nimesimama. Nisamehe kwa barua ile. Niliiandika jikoni nikiwa nimefura. Mpe Godbless pole ya kiuno, na mwambie kiti cha kawaida kina heshima yake, utaona kwa nini nasema.

Onyesho la mwisho la mchezo wetu lilikuwa la mchana, Jumamosi ya wiki iliyopita. Wakubwa wa kampuni wote walikuja, wamepanga safu nzima, na kulikuwa na waandishi wa gazeti kubwa waliokuja, Yogesh aliniambia mwenyewe, kwa ajili ya mama. Alinishika mabega akasema leo, mama, moyo ukusukume. Nikamwambia utanisukuma.

Wiki zile zote nilikuwa naendelea kupanda, sikufichi. Barua yako niliiweka chini ya sahani, nikapanda. Napiga vigelegele, napigiwa makofi, nakwenda nyumbani, Baba Aika amewasha tivii, nakaa. Halafu nafikiri, hakimu kauliza nini kweli? Maana pale juu nikimzunguka mtoto nilikuwa nausikia mkufu wangu na makofi, yeye nilikuwa simsikii. Nikaanza kumtazama usoni wakati wa kumfunga khanga. Dada, mdomo wake ulikuwa umekaa kama wa mtu anayetaka kusema. Kila mara. Na mimi namvika shada.

Basi Jumamosi hiyo nikakaa kwenye kiti changu. Hakimu akauliza. Aika akaanza na habari za maji ya baridi, sabuni, mikono kupasuka. Akafika kwenye mama yangu ndiye aliyenifundisha. Taa ikaniwakia. Nikaweka mikono yangu chini ya mapaja, nikaikalia.

Usidharau kukaa. Nimebeba magunia ya mkaa, nimezaa, nimewageuza wazee wazito kuliko shemeji, sijafanya kazi ngumu kama ile. Koo lilikuwa limejaa vigelegele, taa inaniunguza, ukumbi mzima umegeuza shingo unanitazama mimi. Nilimwona Yogesh pembeni ya pazia ananionyesha kwa mikono, njoo, njoo, kama mtu anayeegesha gari. Nikaangalia mbele. Aliyekuwa kwenye kiti cha jirani akaninong'oneza kwamba ni zamu yangu. Nikaweka kidole mdomoni.

Aika alinyamaza. Alikuwa ananisubiri. Kisha akatazama kwenye kiti changu, akaniona nimekaa, na sikuweza kumpa ishara yoyote maana mikono nilikuwa nimeikalia tena. Nilimtazama tu. Nadhani alisoma. Mtu wa kuongoza taa alichoka, akaizima yangu, nikabaki gizani kama watu wengine waliolipa.

Ndipo akamgeukia hakimu. Kwanza alijinyoosha, nikaona kumbe mtoto ni mrefu. Akasema, kwa sauti ya chini, bila haraka:

"Mmeniuliza majina ya wenzangu asubuhi nzima. Langu hamjaniuliza."

Hakimu akabaki na kalamu hewani. Aika akataja jina, la yule binti wa mchezo, akalitaja jina la kwanza na la ukoo, na kijiji alichotoka, akamwambia aandike. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha mshtakiwa. Basi. Ndilo jibu. Hakuna mtu aliyepiga makofi. Mimi nikaogopa, nikafikiri nimemponza mtoto. Nikamsikia Baba Aika, safu ya nyuma yangu, anavuta pumzi, nikageuka, alikuwa macho, dada, macho makavu kabisa, ameshika kiti cha mbele. Halafu ndipo yakaja makofi. Yalianza taratibu na hayakutaka kwisha, na hayakuwa yangu hata moja.

Baadaye Yogesh alinikuta ukumbi wa nje. Alikuwa amekasirika mpaka Kiswahili cha mama yake kikamtoka. Akasema nimemharibia, watu wa gazeti walikuja kumwona mama. Nikamwambia mama alikuwepo, alikuwa kwenye kiti. Yule mwanamke wa kutembea alisema labda lilikuwa jambo la kijasiri kuliko la kwanza, akaanza kulieleza, nikamwacha analieleza.

Aika alitoka na masizi yake usoni. Wakubwa wawili walikuwa wanamsubiri kwenye ngazi ili waongee naye, akawapita. Akaja akasimama mbele yangu, akanitazama kama mtu anayekagua nyumba yake baada ya dhoruba. Akasema, "Mama, ulikaa."

Nikamwambia nilikaa.

Alinibebea mkoba mpaka nyumbani, na Jumapili akala ndizi sahani mbili, Baba Aika akaona njaa.

Jumatano wakubwa wametoa uamuzi. Aika abaki, msimu mzima ujao, na katika mchezo mmoja atakuwa malkia. Mimi hawanihitaji tena. Wameandika kwa adabu sana, wanasema mchango wangu ulikuwa wa aina yake na umefika mwisho wa asili. Kwa hiyo kampuni imebaki na mmoja wa ukoo wetu, na ndiye yule waliyemwajiri.

Isome hii kwa kwaya, lakini mambo ya barua ya wakubwa uyaruke. Wakikuuliza habari zangu, waambie nimestaafu mwenyewe, nikiwa bado napigiwa makofi.

Mdogo wako,
Anastasia, mama wa Aikaeli